Kampeni ya Ndovu Kule Karimani

Tangu nistaafu, bado naamka kungali na giza na kuanza kupanga mkutano usiokuwapo. Nawaza nani amemwomba chifu uwanja, nawaza kama jenereta lina petroli, kisha nakumbuka kwamba niko nyumbani kwangu mtaa wa Dallas, hapa Embu, na wanaonisubiri ni kuku tu. Mume wangu huniambia nilale. Silali. Nimeona heri saa hizo niwaandikie ninyi vijana mliobaki katika kitengo cha elimu ya wanyamapori, kwa sababu siku ya kuniaga mliniuliza maswali mengi huku keki ikikatwa, nami nikayajibu kwa haraka na vibaya.

Vyeo sitavitaja. Vilisomwa siku hiyo vyote kwa mfululizo, hata mimi nikamwonea wivu huyo mama aliyekuwa akisifiwa.

Nilizaliwa Kanyakine, kule Meru, mahali ambapo mnyama wa porini tuliyemjua sana ni tumbili mwizi wa mahindi. Nilifundisha shule ya msingi kwa muda, nikaona tangazo la kazi, nikaomba bila kujua ninachoomba. Siku ya kwanza nilifika ofisini Meru nimevaa viatu vya kisigino. Bosi wangu alinitazama miguu kabla ya uso. Aliitwa Ireri, mtu wa Embu, mwembamba, mwenye sauti iliyojaza chumba hata akinong'ona. Hakunionyesha meza yangu. Alinipa kipaza sauti cha mkononi, kile cha betri, akasema, "Twende Gakoromone."

Ilikuwa siku ya soko. Alinisimamisha kati ya kabeji na ndizi, akaniambia nizungumze juu ya wanyamapori mpaka watu wasimame.

"Niseme nini, bwana Ireri?"

"Hiyo ndiyo kazi yenyewe."

Nikainua kipaza sauti. "Mabibi na mabwana, wanyamapori ni urithi wa taifa letu..." Mama mmoja muuza ndizi akainua kichwa.

"Madam, unauza nini?"

"Siuzi kitu, mama."

"Basi sogea. Umenisimamia mbele ya ndizi."

Ireri alicheka mpaka akashikilia mkokoteni wa mtu. Tukirudi ofisini aliniambia kwamba mama yule ameniuliza swali la maana kuliko yote nitakayoulizwa mpaka nistaafu. Nikijua ninachouza, watu wataacha ndizi wanisikilize. Nisipojua, nisogee. Miaka ya kwanza nilisogea sana.

Tulikuwa na gari la sinema, Land Rover ya zamani iliyobeba projekta, jenereta na spika mbili kubwa za kufungwa juu. Jioni tulitundika shuka nyeupe kati ya nguzo za goli na kuonyesha filamu ya twiga na simba. Maelezo yake yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo Ireri alishika maikrofoni na kutafsiri, na pale asipokubaliana na Mwingereza alisema yake. Nilimsikia siku moja akiwaambia watu wa Mbeere kwamba simba jike ndiye anayelisha familia, na dume hulala tu kungoja chakula. Akina mama walipiga makofi muda mrefu kiasi kwamba sehemu ya fisi ilipita bila mtu kuisikia.

Kazi yenyewe lakini haikuwa sinema. Kupanga kampeni ni kujua watu wako wapi na kwa nini. Ukiitisha mkutano wakati wa palizi utapata wazee wachache waliokuja kupumzika. Siku ya soko sema kabla ya adhuhuri, kwa maana baadaye wanaume wanatafuta miraa na wanawake wanatafuta njia ya nyumbani. Kanisani ongea na mama wa kwaya kabla ya kuongea na pasta. Sare usiivae mahali ambapo sare iliwahi kupiga watu. Na Ireri alinifundisha kuangalia viti: usiwaangalie waliokuja, alisema, angalia viti vitupu, uulize wenyewe wako wapi. Ushauri huo umeninyima raha katika kila harusi niliyoalikwa.

Sasa niwaeleze habari ya Karimani. Nimelibadilisha jina la kijiji. Kiko kule chini kwenye joto, mpakani mwa hifadhi, na watu wake wanalima mawele, ndengu na malenge. Upande mmoja wa mto ni mashamba, upande wa pili ni ndovu, na ndovu hawajawahi kufundishwa mpaka ni nini. Tuliambiwa na makao makuu tufanye kampeni kubwa ya kuwafanya wananchi wa mpakani waupende urithi wao, na uzinduzi uwe Karimani, mbele ya mgeni wa heshima kutoka Nairobi, waziri mwenyewe. Nilifanya mipango kwa wiki nyingi. Nilizungumza na walimu, nikapata kwaya, nikapata wasichana wa kukariri shairi, nikapata hema.

Kisha mabango yakaja. Yalikuwa yamechorwa ndovu anayecheka, mkonga juu, na chini yake maandishi makubwa: NDOVU NI RAFIKI YAKO. Ireri aliligeuza moja huku na huku.

"Aliyechora hii hajalima," akasema.

Siku chache kabla ya uzinduzi, dereva wa pikapu ya miraa alipita ofisini na habari. Ndovu amemuua mtu Karimani. Aliitwa Mutwiri, alikuwa akilinda mawele yake yaliyokuwa karibu kuvunwa, na ameacha mke na watoto wadogo.

Ireri alipiga simu makao makuu kuomba uzinduzi uahirishwe. Nilisimama mlangoni nikimwangalia akisema ndiyo, ndiyo, ndiyo mkubwa. Akaweka simu chini.

"Wanasema tuendelee. Mgeni ameshathibitisha."

Akaanza kutembea kutoka dirishani hadi kabatini na kurudi. Nikamwambia, "Twende matangani kwanza."

"Na tuwaambie nini?"

"Pole."

Tulikwenda bila sare. Tulipofika uani watu walitupisha njia. Ndugu wa marehemu, kijana mrefu aliyeitwa Kirimi, alikuja akasimama mbele yetu bila kutupa mkono.

"Nyinyi ndio watu wa ndovu?"

"Ndio sisi," Ireri akasema.

"Mmekuja kuhesabu ndovu wenu?"

"Tumekuja kutoa pole."

Mjane alikuwa amekaa kwenye mkeka kati ya wanawake. Aliitwa Karimi, mwalimu wa chekechea, na ndiye aliyekuwa akiongoza kwaya niliyoialika kuimba kwenye uzinduzi.

"Nimesikia muko na picha," akasema. "Leta nione."

Mabango yalikuwa kwenye gari, chini ya turubai. Sikuwa na njia ya kukataa. Nilileta moja, akalifungua kwenye mapaja yake, akalisoma kwa sauti ya mwalimu anayesomea watoto, kidole kikifuata maandishi. "Ndo-vu ni ra-fi-ki ya-ko." Hakuna aliyecheka na hakuna aliyelia. Akainua uso.

"Huyu?"

"Hiyo picha si sisi tulioichora, mama," Ireri akasema.

"Lakini ni nyinyi mnaileta."

Ireri aliinamisha kichwa, nami nikasimama pale nikitamani ardhi inimeze na bango lake.

Tulipokuwa tukiondoka, Karimi aliniita nyuma ya jikoni. Aliniuliza ni wa wapi. Nikamwambia Kanyakine, na tangu hapo tukaongea Kimeru. Aliniambia kwamba Kirimi na vijana wenzake wamenunua dawa. Wataitia ndani ya malenge na kuyaweka kwenye njia ya ndovu, pale wanaposhukia mtoni.

"Nimewaambia wasifanye. Hawasikii. Mimi huyo mnyama simhurumii, usinielewe vibaya. Lakini huo mto ndio tunateka maji, na watoto wangu hawana baba tena. Wakinywa hiyo dawa nibaki na nani?"

"Watayaweka lini?"

"Siku ya sherehe yenu. Watu wote watakuwa uwanjani, hata askari."

Nilimwambia Ireri garini. Aliendesha polepole sana, gia moja njia nzima, mpaka ng'ombe wakatupita. Sote wawili tulijua msako wa askari siku hizo ulikuwaje. Wangezunguka kijiji, wangepiga kila kijana, na wale wasiohusika wangepigwa sawa na wenzao. Tukinyamaza, ndovu watakufa na huenda watu pia.

"Tukisema ni mbaya," akasema, "na tusiposema..."

Kesho yake nilirudi peke yangu. Nilimkuta Kirimi shambani kwa ndugu yake akiinua mawele yaliyokanyagwa, kama mtu anayejaribu kuamsha waliolala. Hakuacha kazi.

"Sikuja kukuambia umpende ndovu," nikasema.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kukuuliza unataka nini."

Hapo akasimama wima. "Nataka nikiita, mtu aje. Usiku ule tulipiga mabati, tukapiga nduru, tukatuma mtu na baiskeli mpaka lango la hifadhi. Unajua walikuja saa ngapi? Walikuja mchana. Na wakaanza kuuliza kama ndovu ameumia."

Nikamuuliza, "Mkiwekewa kambi ya askari hapa, na redio?"

"Nani ataiweka?"

"Itatangazwa siku ya sherehe."

Nilisema hivyo nikiwa sina kambi, sina redio, sina hata ruhusa ya kuwa pale. Mdomo ulitangulia. Alinitazama kwa makini sana.

"Isipotangazwa?"

"Sitakuwa na neno lingine la kukuambia, Kirimi."

"Basi tutasikia," akasema, akainamia mawele.

Mimi na Ireri tulikwenda kwa mkuu wa hifadhi wa wakati huo. Tulimwambia watu wamechoka, na kwamba tunaogopa watafanya jambo baya, jina hatukutaja. Alitusikiliza kwa adabu, akasema askari hana, hema hana, na elimu ni kazi yetu, tuwaelimishe. Tulitoka tukasimama kwenye jua. Nilimwambia Ireri kwamba nimeahidi kitu nisicho nacho. Nilitarajia anikemee. Alisema tu, "Niachie maikrofoni ya kesho."

Siku ya uzinduzi sikuweza kukaa. Nilizunguka uwanja nikinyoosha kamba zilizonyooka. Hema zilijaa akina mama, wazee na wanafunzi, na safu mbili za nyuma zilizopangiwa vijana zilikuwa tupu. Kirimi peke yake alisimama mbali, chini ya jua, mikono kifuani. Mgeni wa heshima alichelewa, kama kawaida ya wageni wa heshima, akaketi, akapewa maji. Kwa mujibu wa ratiba kazi ya Ireri ilikuwa kumkaribisha kwa maneno mawili.

Alishika maikrofoni.

"Ndugu zangu wa Karimani, tumempoteza Mutwiri, na wengine mmetuuliza tumekuja kufanya nini hapa. Mgeni wetu hakuja mikono mitupu. Ataniwia radhi nikimtangulia. Amekuja kuwatangazia kambi ya askari hapa hapa Karimani, yenye redio, ili mkiita, mtu aje."

Mama mmoja akapiga kigelegele, wengine wakampokea, wazee wakagonga fimbo chini. Mgeni alimnong'oneza msaidizi wake. Msaidizi akapekua karatasi, akatikisa kichwa. Nilimwona mkuu wa hifadhi akivua kofia na kuivaa tena. Mgeni aliinuka taratibu, akatazama ule umati unaomshangilia, na nadhani hakuwahi kushangiliwa hivyo, kwa maana alitabasamu bila kutaka.

"Naam," akasema. "Serikali imesikia kilio chenu."

"Lini?" Ilikuwa sauti ya Kirimi, kutoka kule kwenye jua.

Watu wakageuka. Mgeni akakohoa. "Mwezi huu."

"Unasema mbele ya watu wote?"

"Mbele ya watu wote."

Kirimi akageuka akaondoka, akielekea mtoni. Sikujua anakwenda kuzuia au kuharakisha. Kwaya iliimba bila kiongozi wake. Wasichana wakakariri shairi, mmoja akasahau ubeti na kurudia ule wa kwanza, watu wakampigia makofi, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya hema nikitazama kichaka. Mgeni alimaliza hotuba yake ndefu. Ndipo nikawaona vijana wakija mmoja mmoja, wamebeba magunia mgongoni. Waliyashusha nyuma ya hema, mbele ya miguu yangu. Yalikuwa malenge, yamekatwa na kufunikwa tena vizuri hata ungeyanunua.

Kirimi alikuja mwisho, jasho likimtiririka.

"Moja hatukuliona," akasema.

Tuliyachimbia shimo na kuyafukia mbali na maji. Tuliwaambia watu wasiteke mtoni, na Ireri akafanya safari baada ya safari kuleta maji kwa mapipa ndani ya gari la sinema. Siku hizo kila mtoto aliyekohoa nilimuuliza amekunywa nini.

Kisha Karimi akanitumia ujumbe nije. Alinipeleka mwenyewe, akitangulia kwenye majani makavu. Ndovu mdogo alikuwa amelala ubavu kwenye mchanga wa mto, nzi wamemjaa machoni. Ng'ambo ya pili ndovu wakubwa walisimama wamekusanyika, hawali, hawaendi. Karimi alivunja kijiti akakishika tu mkononi.

"Nilidhani nitafurahi," akasema.

Askari walipoanza kuulizia, Kirimi alikwenda mwenyewe akawaambia lenge lile ni lake, na hakumtaja mwingine. Alifungwa. Karimi alilima mashamba mawili msimu ule, lake na la Kirimi, na wale vijana walimsaidia kwa zamu bila kuitwa.

Kambi ilikuja. Ilichelewa, na ilikuwa hema moja, askari wachache na redio iliyohitaji kupigwa kofi ili isikike, lakini ilikuja. Mvua zilipokwisha na mawele yakakomaa, ndovu walivuka mto jioni moja. Watu wakapiga mabati. Askari wakatokea wakikimbia, mmoja kavaa kiatu kimoja, wakapiga risasi hewani, na ndovu wakarudi. Nilipoambiwa nilikaa chini kwenye ngazi za ofisi.

Ireri naye alihamishwa mbali, mahali pa joto na pasipo na mkutano wowote wa kuhutubia. Barua haikutaja sababu. Nilimsaidia kufunga vitabu. Nilimwambia ni mimi niliyestahili kuhamishwa, maana ahadi ilikuwa yangu.

"Wewe ulimwahidi mtu mmoja," akasema. "Mimi niliahidi kwa jina la waziri mbele ya kijiji. Usininyang'anye." Akaniachia spika, akaniachia ofisi, akaondoka akipiga mluzi. Hatukufanya kazi pamoja tena.

Mabango ya ndovu anayecheka yalibaki stoo mpaka mchwa wakayamaliza. Nilirudi kwa Karimi nikamwomba tutengeneze mengine. Alikataa. Nikarudi tena. Siku aliyokubali alikuwa akipura ndengu, akaniambia niketi nisaidie kwanza. Bango letu halikuwa na picha. Lilisema ufanye nini ukimwona ndovu shambani, usifanye nini, na umwite nani. Makao makuu waliliona halina mvuto. Lilibandikwa kwenye milango ya jikoni, na watu walilibandua kwa majirani kupeleka kwao.

Baada ya muda Karimi alianza kutembea nami kwenye mikutano. Hakutaka kuitwa balozi wala mgeni, alitaka nauli na chai. Namkumbuka zaidi siku moja tukiwa Mbeere, kwenye mpaka mwingine, kati ya watu wengine waliochoka. Alisimama, akajitambulisha, akasema jinsi mumewe alivyokufa, akasema juu ya malenge na juu ya shemeji yake aliyefungwa. Alisema hakuja kumwambia mtu ampende mnyama yeyote. Alikuja kuwaambia wadai kambi, na wasitie dawa karibu na maji.

Mama mmoja aliyefunga leso nyeusi kichwani aliinuka pale mbele. Tulikuwa tumeambiwa kwamba naye alifiwa vivyo hivyo, msimu huo huo.

"Dada," akasema, "na hao ndovu, umewasamehe?"

Nilishika kipaza sauti nikitaka kumwokoa, nikitafuta neno zuri la ofisini. Karimi alinizuia kwa mkono.

"Bado," akasema. "Keti hapa karibu, nikuambie tulivyofanya mpaka askari wakaanza kuja tukiita."

Mama yule alivuta kiti chake mbele. Na wa nyuma yake wakavuta vyao.